Volti Zilizopotea Darini kwa Masanja

Vijana wangu,

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko. Herufi zangu zinaegemeana kama watu wanaotoka kilabuni, na mahali pa kuweka "l" huenda nimeweka "r", kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba kule kijijini Kate na tangu hapo mkono umeshika plaizi kuliko kalamu. Hii karatasi mnayoisoma nimeiandika kwa siku nyingi, mistari michache kila jioni. Mkikuta neno halisomeki, ulizaneni wenyewe kwa wenyewe, mtalipata.

Mliniomba nije karakana kwenu niwaeleze kazi yetu ya umeme ilivyokuwa zamani. Nilikubali, siku ilipofika nikajificha. Sikuwa mgonjwa kama nilivyotuma salamu. Mbele za watu wengi ulimi wangu unakauka, ndivyo nilivyo tangu kijana, na uzee haujanitibu. Kwa hiyo nimeona niandike.

Nianze na globu, maana najua mnaichezea kila siku.

Chukua globu ya zamani, ile yenye waya mwembamba ndani, ya wati mia. Ipime kwa mita ikiwa imezimwa na iko baridi. Mita itakuambia ukinzani wake ni kama omu arobaini. Sasa wewe uliyefundishwa hesabu utakaa chini upige: volti mia mbili ishirini, mara volti hizo hizo, gawa kwa arobaini. Utapata zaidi ya wati elfu moja. Utakuja mbio kuniambia kwamba kiwanda kimeandika uongo kwenye globu. Kiwanda hakijakosea. Ule waya ukiwa baridi unapitisha umeme kirahisi, ukishawaka moto unakaza, ukinzani unapanda mara kumi na zaidi. Iwashe kwanza, ndipo upime volti kwenye ncha zake na ampea zinazopita. Utaona karibu nusu ampea. Gawa volti kwa ampea, utapata omu karibu mia tano. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati mia, pungufu kidogo. Hiyo ndiyo globu yenyewe ikiwa kazini.

Aliyenifundisha hivyo ni Mzee Sikazwe, na karibu kila kitu kizuri nitakachowaambia humu ni chake. Alikuwa fundi mkuu wa umeme katika karakana ya kampuni moja ya umma hapa Sumbawanga. Mimi niliingia pale kama mfagiaji. Nilikuwa nafagia vipande vya waya, na badala ya kuvitupa navipanga kwa unene. Siku moja alinikuta navipanga, akasimama nyuma yangu. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

"Hivi umevipanga kwa nini?"

Nikainamia fagio.

"Una ulimi wewe?"

"Ninao, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Huu mnene na huu mwembamba, upi utapitisha umeme mwingi?"

Nilinyoosha kidole kwenye ule mnene. Akasema, "Kesho fagio mpe mwingine."

Ukinzani alinieleza kwa pombe ya ulezi. Mnajua wazee wanavyokaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na maji ya moto yanaongezwa. Alisema: namna unavyofyonza kwa nguvu, hiyo ni volti. Pombe inayofika mdomoni, hiyo ni ampea. Wembamba wa mrija ndio ukinzani. Mrija ukiwa mwembamba utafyonza mpaka mashavu yaingie ndani na bado utapata tone. "Na wati?" nikamuuliza, kwa sauti ndogo. Akacheka. "Wati ni jinsi utakavyokuwa unaimba ukirudi nyumbani. Ufyonze kwa nguvu na upate nyingi, vyote viwili pamoja. Ndiyo maana tunazidisha, hatujumlishi."

Basi mjue hiyo ndiyo hesabu yote. Volti gawa kwa ampea, omu. Volti zidisha kwa ampea, wati. Ukiwa na viwili, cha tatu na cha nne vinakuja vyenyewe. Miaka yote niliyofanya kazi sikuhitaji hesabu ngumu kuliko hiyo, ila nilihitaji kuifanya mahali penyewe, vitu vikiwa vimewashwa, wala si kichwani nikiwa nyumbani.

Nilijifunza hivyo vizuri zaidi wakati wa ruksa. Nyinyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamjui. Kabla ya hapo mtu akiwa na pasi ya umeme mtaa mzima unaijua. Halafu biashara ikafunguliwa, vitu vikaanza kupanda kutoka Tunduma na Mbeya juu ya malori: majiko ya koili, redio kubwa, hita za kuchemshia maji, pasi. Vingine vizima, vingine vimechoka, vingine vilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme wake si kama wetu.

Katekista mmoja alinunua pasi mnadani, nzuri, inang'aa kama kioo. Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara. Katekista akaanza na suruali yake. Alipoiinua pasi, suruali ilibaki na dirisha mahali ambapo mtu hataki dirisha. Alikuja nayo karakana ameikunja kwenye gazeti, ana hasira. "Hii pasi ina pepo."

Mzee Sikazwe aliigeuza, akanionyesha kibati. Imeandikwa wati elfu moja, volti mia na kumi. "Haya, piga."

Nikapiga kwa kijiti mchangani. Ukinzani wake ni omu kumi na mbili hivi, na huo haubadiliki sana kwa pasi, si kama globu. Ukiipa volti mara mbili, ampea nazo zinakuwa mara mbili. Mara mbili kwa mara mbili ni nne. Ile pasi ya wati elfu moja ilikuwa inataka kutoa wati elfu nne.

"Hakuna pepo, Katekista," Mzee akasema. "Kuna pasi nne ndani ya moja."

"Na suruali?"

"Suruali hiyo sasa ni ya kuvaa ukiwa umekaa."

Safari nyingine tuliteremka Wampembe, kule ziwani, kwa mtu aliyefunga taa kwa betri ya lori. Taa ilikuwa ya wati sitini ya gari, waya aliotumia ni ule mwembamba wa redio, na ameuvuta kutoka betri iliyoko stoo mpaka barazani. Taa ikawa inawaka kama jicho la mtu mwenye usingizi. Alikuwa ameshabadilisha betri na taa, analaumu wauzaji. Kumbukeni hili: volti kumi na mbili kwa wati sitini ni ampea tano. Waya wenye ukinzani wa omu moja tu unataka kula volti tano kati ya kumi na mbili. Waya huo huo ukiwa kwenye umeme wa nyumbani kwa wati zilezile, usingejua hata kama upo. Volti zikiwa chache, waya uwe mnene. Wavuvi walitupa samaki wabichi tukapanda nao mlima, gari zima likanuka mpaka Sumbawanga, na nilikuwa na furaha sana siku ile.

Sasa niwaeleze habari niliyokusudia tangu mwanzo, maana karatasi zinakwisha.

Karakana yetu ilifungwa. Kampuni iliuzwa, tukapunguzwa, siku hizo tulisema ridandansi. Mzee Sikazwe alirudi nyumbani kwake Mazwi, hapa hapa mjini, na mkewe, Mama Skola, akaamua wafuge kuku wa kisasa. Aliagiza vifaranga wa siku moja kutoka Mbeya, wakaja na basi kwenye maboksi yenye matundu, wanalia njia nzima. Ile nyumba ilikuwa imewategemea wale vifaranga. Mzee hakuwa tena na mshahara, na ingawa hakuna aliyesema waziwazi, macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Aliniita mimi nisome vibati, anasema miwani imevunjika. Nilikuwa sijawahi kumwona na miwani.

Ilikuwa majira ya upepo, mnajua baridi yetu. Mtu wa pwani akija Ufipa mwezi wa sita anadhani amekosea nchi. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kupambana na baridi hiyo. Mama Skola aliwatengea chumba, akazungushia makaratasi magumu, na juu yao Mzee akaning'iniza globu nne za wati mia. Umeme wa mji ulikuwa wa mashine za dizeli, kwa zamu. Zamu ikiwa si yetu, Mama Skola aliweka chungu cha mkaa, anakaa nacho kukilinda kwa sababu ya moshi. Zamu ikiwa yetu, globu zinawaka na yeye anapumzika kidogo.

Ila umeme wenyewe haukuwa wao. Nyumba yenye mita ilikuwa ya jirani, Masanja, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake zamani, ng'ombe akawaacha bondeni kwa nduguze, yeye akajenga mjini ili watoto wasome. Mtu mnene, mcheshi, sauti kubwa. Alikuwa amewapa line, kama watu wengi walivyofanya Mazwi siku zile. Waya ulitoka kwenye mita yake, ukapita darini, ukatokea kwenye ukingo wa paa, halafu ukavutwa juu ya nguzo za miti mpaka kwa Mzee. Masanja alikuwa na utani mmoja asiochoka nao, wa ile hadithi kwamba Wafipa tunarusha radi kwa uchawi. Kila akiniona na ngazi: "Nyie Wafipa mnanishangaza. Radi mnatuma bure mpaka kwetu Usukumani, halafu umeme mnakuja kuomba kwangu kwa waya!"

Mimi nilikuwa naangalia chini tu. Mzee alikuwa anamjibu: "Ile ya radi haina swichi, Masanja. Tunakuonea huruma."

Sasa vifaranga wakaanza kufa. Walikuwa wanarundikana chini ya globu, wanapandana, wa chini wanakosa pumzi. Kifaranga ndiye kipimajoto. Akiona joto limezidi anakimbilia pembeni, akiona baridi anapanda mgongo wa mwenzake. Mama Skola aliangalia globu zake, zina rangi ya papai lililoiva, akaangalia dirishani kwa Masanja, taa ni nyeupe. Akatoka na kanga kiunoni.

Nilifika nikakuta wamesimama uani kwa Masanja, na majirani wameshajaa.

"Unatubania umeme, Masanja! Una kitu umeweka pale kwenye mita, ukitaka unafungua, ukitaka unabana."

"Mama Skola, umeme ni bomba la maji niufunge nusu?"

"Mbona kwako zinawaka?"

"Kwangu zinawaka kwa sababu ni kwangu! Nimekupa line kwa roho safi, leo unaniita mchawi mbele ya watoto wangu?"

"Sijasema mchawi."

"Umetaka kusema! Basi nakata. Leo hii hii nakata, kila mtu awashe radi yake."

Hakucheka aliposema hivyo. Hapo niliona mambo yameharibika. Akikata, vifaranga waliobaki wangeisha, na nyumba mbili zilizokuwa zinaombana chumvi zingeanza kupishana bila salamu.

Mzee Sikazwe alitoka taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Akasema, "Masanja, kabla hujakata, tupe nafasi tupime. Ukikutwa umebana, ukate kwa aibu. Usipokutwa, mke wangu atakuomba radhi mbele ya hawa hawa."

Masanja akakunja mikono. "Pimeni."

Mzee akaniita. Alikuwa na amita yake ya zamani, nzito, ina mshale, na mita ya volti. Nikazima, nikaiunga amita njiani, pale waya unapoingilia chumba cha vifaranga, ili umeme wote upite ndani yake. Nikawasha.

"Ngapi?"

"Moja na nusu," nikasema.

"Sema kwa sauti. Watu hawa wamekuja kusikia."

Watu wakacheka, masikio yangu yakawa moto. "Ampea moja na nusu!"

"Volti?"

Nikapima pale pale kwenye globu. "Mia na tisini!"

"Piga."

Mia na tisini mara moja na nusu. "Wati mia mbili themanini na tano."

"Na globu zetu ni wati mia nne. Mama Skola ana haki ya kulalamika, zaidi ya wati mia hazijafika. Sasa nenda kwenye mita ya Masanja, globu zikiwa zinawaka hivyo hivyo."

Nikaenda, Masanja nyuma yangu ananihema shingoni. Kwenye mita: volti mia mbili na ishirini. Nikaisoma kwa sauti kabla sijaambiwa. Masanja akawageukia watu, akafungua mikono yake mikubwa kama padri. "Mmesikia? Mia mbili na ishirini! Imetoka kwangu nzima, haijaguswa!"

"Tumesikia," Mzee akasema. "Mama Skola?"

Mama Skola alimgeukia Masanja. Halafu akasema, bila kupindisha, "Nisamehe, Baba. Nimeona wale wadogo wanakufa nikapoteza akili."

"Yameisha, Mama. Lakini basi umeme wenu uko wapi?"

Hilo ndilo swali, vijana. Volti thelathini zimetoka kwa Masanja na hazikufika kwa Mzee. Volti hazimwagiki chini kama maziwa. Zikipungua kati ya hapa na pale, zimeliwa na ukinzani uliopo kati ya hapa na pale, na kila zilipoliwa pametoka joto. Wengi wangesema basi, waya ni mrefu, nunueni waya mnene. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofikiri. Mzee hakutaka kufikiri. Aliniambia nipime katikati, pale kwenye ukingo wa paa, ambapo waya wa ndani ulikutana na waya wa nje kwenye konekta.

Nikapanda ngazi. Mia na tisini na tisa.

Nikakaa juu ya ngazi nikipiga hesabu, na mara hii sikuwakumbuka watu. Ule waya mrefu wa nje, unaovuka ua wote, umekula volti tisa tu. Kile kipande kifupi cha darini, hatua chache, kimekula ishirini na moja. Ishirini na moja gawa kwa moja na nusu ni omu kumi na nne. Hakuna waya mfupi wenye omu kumi na nne. Ni kama mrija mnene ulioziba kwa makapi mahali pamoja. Na ishirini na moja mara moja na nusu ni wati thelathini na kidogo.

"Mzee," nikasema, "kuna wati thelathini darini."

Aliuliza, "Pasi yetu ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya kule karakana ilikuwa ya wati ngapi?"

"Thelathini."

"Masanja, darini kwako kuna nini?"

Sauti ya Masanja ilibadilika. "Mahindi. Mahindi na magunzi." Akageukia nyumba yake. "Chini yake wanalala watoto."

Nilizima meni swichi mwenyewe, nikachomoa na fyuzi nikaitia mfukoni. Hii msiisahau siku zote: fyuzi ikae mfukoni mwako, si mezani. Nikapanda darini. Nilifuata waya kwa mgongo wa kiganja, usiguse kwa kiganja chenyewe maana kikipigwa na umeme kinakamata, mpaka nikafika mahali chini ya maganda ya mahindi ambapo palikuwa na joto kama chungu kilichotoka jikoni. Nikafukua. Ilikuwa jointi, mahali waya mbili zimesokotwa pamoja. Tepu ilikuwa imeyeyuka na kudondoka, na maganda yaliyoizunguka yalikuwa yamegeuka rangi, kahawia, mengine meusi pembeni. Bado hayajashika moto. Sijui yalikuwa yanangoja nini.

Nikaikata ile jointi ili niitoe. Ndipo nikaiona vizuri kwenye mwanga wa tundu la paa.

Mafundi wote ninaowajua walisokota waya kuelekea kulia. Mtu mmoja tu nilimjua anayesokota kuelekea kushoto, kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, halafu ncha anaikunja na kuiingiza chini ili isimchome mtu. Hii ilisokotwa kushoto, na ncha imekunjwa. Lakini nyuzi nyingine hazikuingia kabisa, zilibaki nje, na kipande cha plastiki hakikumenywa, kimebanwa katikati ya shaba. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua kila kitu ila haoni.

Nilikaa kule juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikaitia jointi mfukoni pamoja na fyuzi, nikashuka.

"Umekuta nini?" Masanja akauliza.

"Jointi imelegea."

"Iko wapi? Nani fundi mpumbavu aliyefanya hivyo juu ya watoto wangu? Nitajie!"

Nikaangalia chini, kama kawaida yangu. Safari hii haikuwa haya. Nilikuwa nimeamua sitasema, hata wanifanye nini.

Mzee Sikazwe alinyoosha mkono mbele yake, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa nimesimama. "Nipe."

"Nimeitupa, Mzee."

"Gaudensi. Nipe."

Nikampa. Aliipitisha kati ya vidole vyake, taratibu, kama Mama Skola anavyochagua mawe kwenye ulezi. Kidole gumba kikafuata msokoto, kikafika kwenye ncha iliyokunjwa, kikasimama hapo. 

"Hii ni yangu," akasema. "Masanja, fundi mpumbavu ni mimi. Nilipanda darini kwako nikijua macho yangu hayaoni vizuri, nikaona haya kumwita mtu. Ningeweza kukuulia watoto."

Masanja alimtazama Mzee, akatazama dari, akatazama wanawe wawili waliokuwa wamekaa kizingitini. Nilidhani atampiga. Badala yake akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mzee, kwa nini umesema? Huyu kijana alikuwa hasemi."

"Ndiyo maana nimesema. Angeondoka hapa leo amejifunza kuficha."

Halafu alinigeukia, akatoa plaizi yake mfukoni, ile yenye mipini iliyofungwa mpira mwekundu, akanipa. "Panda ukafunge upya. Konekta, si kusokota. Ukimaliza nitapanda niguse."

Na kweli alipanda. Masanja mwenyewe alimshikia ngazi kwa mikono miwili, anamwambia, "Mguu wa kulia, Mzee. Tena. Tena." Aligusa kila skrubu, akazivuta waya moja moja, akasema, "Sawa." Mahindi yote yakateremshwa darini siku ile ile, majirani wakisaidia.

Tukapima tena. Kati ya mita na ukingo wa paa zilipotea volti chache mno, hata mshale haukuzionyesha. Kwenye globu tulipata mia mbili na kumi, na amita ikapanda ikavuka kidogo moja nukta sita. Wati mia tatu thelathini na kitu. Mama Skola alikuwa mlangoni mwa chumba cha vifaranga, akatuita kwa mkono. Walikuwa wameachana. Kila mmoja amelala peke yake, mabawa yamefunguka, wametapakaa kama mtama ulioanikwa.

"Wabeja," Masanja akaniambia, ndiyo asante ya kwao, na akaacha utani wa radi kwa muda wa wiki nzima. Halafu akaurudia, tukafurahi sote.

Kuanzia hapo Mzee Sikazwe hakufunga tena waya. Tulikwenda kazini pamoja, yeye anakaa kwenye kigoda ananiuliza namba, mimi nazisoma kwa sauti. Watu waliniona fundi mwenye mtu wa kumsimamia, na mimi niliona hivyo hivyo. Nyumba zote nilizofunga Mazwi, na maisha niliyopata kwa kazi hiyo, yametoka kwenye kigoda kile. Nimewashukuru wengi maishani, Mama Skola kwa chakula chake, Masanja kwa line yake na roho yake. Lakini kwa Mzee sikuwahi kupata neno lililotosha. Alikuwa na jina la kupoteza, nami nilikuwa nimeshamfichia kosa lake. Hakutaka jina lililolindwa kwa kuficha.

Sasa hivi mna mita za namba, na zile za kubana waya bila kukata, mnajua ampea kwa sekunde moja. Nawaonea wivu. Lakini bado mtu lazima apime mwanzo, katikati na mwisho, na aulize zile zilizopotea zimepotelea wapi.

Naomba mniandikie. Nasoma polepole lakini nasoma zote. Kila mmoja apime kitu kimoja kikiwa kimewashwa, aniandikie volti na ampea zake, na omu na wati alizopata, na kama hesabu haikubali aniambie hivyo hivyo bila kuirembesha. Barua mpeni huyu aliyewaletea hii. Na kama ulipokuwa unasoma umekumbuka jointi moja uliyoiacha kwa haraka darini kwa mtu, usianze na barua. Weka karatasi chini, chukua plaizi, nenda. Barua yangu nitaingoja.

Gaudensi, fundi mstaafu, Mazwi